Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Ukali wa UVIKO-19
Hotuba kwa wananchi, Rubwera, Wilaya ya Kyerwa



Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ili mtu ashibe kwa chakula kidogo, siku hizi hufanyika hata nchini kwetu, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Mtu akikuambia kwamba aliyefanyiwa upasuaji huo hapatwi na UVIKO-19, usikubali.

Mwaka 2021 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 5,053 waliopasuliwa kabla ya janga hilo, wakiwalinganisha na 15,159 wenye unene uliopindukia ambao hawakupasuliwa. Walioambukizwa walikuwa takriban 9 katika kila 100, pande zote mbili. Tofauti ilijitokeza baadaye: kwa waliopasuliwa, hatari ya kulazwa hospitalini ilikuwa pungufu kwa asilimia 49, na ya kuhitaji oksijeni kwa asilimia 63.

Mafuta mengi ya tumboni husukuma juu msuli wa kupumulia, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Unene huo huandamana pia na kisukari na shinikizo la damu, ambavyo huuzidishia ugonjwa makali. Uzito ukipungua, mzigo huo nao hupungua. Hata hivyo, watu hao hawakugawanywa kwa kura. Yamkini aliyemudu upasuaji alikuwa na matunzo bora tangu awali.

Kabla ya kutia saini, uliza gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli za kurudi kliniki, maana Dar es Salaam si jirani yetu. Uliza nani atakupima damu mwaka hata mwaka, na vidonge vya vitamini, ambavyo kwa kawaida hutumiwa maisha yote, utavipata wapi. Aliyezoea sahani iliyojaa ndizi na maharage ajue kwamba atakula vijiko vichache kwa mlo. Usipojibiwa haya, usitie saini. Ama vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa mnadani bila usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, utafiti huu hauvihusu hata kidogo.

Aliyekwisha kupasuliwa, akishikwa na homa, kikohozi na kubanwa kifua, awahi kituo cha afya na amweleze mganga habari ya upasuaji wake, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu zaweza kumletea vidonda vya tumbo. Chanjo inamhusu sawasawa na jirani yake.