Ugoko Ukiuma Tusiulazimishe

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kihonda, Morogoro)



Leo tuzungumze juu ya maumivu ya ugoko. Ugoko ni ule mfupa wa mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo. Wengine huuita muundi. Hebu kila mmoja aushike wake. Mmeona? Kwa mbele hauna nyama. Ni ngozi na mfupa tu.

Maumivu haya huwapata akina nani? Huwapata watu wanaotembea au kukimbia kuliko walivyozoea. Mvua zinaponyesha, mtu aliyekaa nyumbani miezi kadhaa anaanza ghafula kwenda shamba la mbali kila siku. Mama anashuka na mzigo kichwani kutoka Uluguru. Kijana anaingia mgambo. Mtoto anafanya mazoezi ya mashindano ya UMITASHUMTA kwenye uwanja mgumu, peku.

Sisi wa Kihonda tunakaa tambarare. Mji wetu wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, tunachokiona kutoka hapa, kinapita mita 2,100. Basi hata mtu asiyefika kileleni, njia za mlimani ni za mteremko mkali. Na mteremko ndio unaotesa ugoko. Tukishuka, mguu hupiga chini kwa nguvu zaidi.

Sasa, kwa nini mfupa uume? Mfupa si jiwe. Mfupa ni kitu hai. Ukipata kazi nyingi, mwili huondoa sehemu zilizochoka na kujenga mpya. Ni kama kukandika nyumba ya udongo. Kwanza tunabandua udongo mbovu, halafu tunakandika mpya. Mvua kubwa ikinyesha wakati bado kuna matundu, ukuta unaharibika. Na mfupa ni hivyo hivyo. Ukipewa muda, utakuwa imara kuliko kwanza. Ukilazimishwa kila siku bila kupumzika, unaweza hata kupata ufa.

Tutajuaje kuwa ni uchovu wa kawaida wa ugoko? Maumivu hukaa upande wa ndani wa mguu, sehemu ya chini. Huenea kwa urefu, si mahali pamoja. Huanza tunapoanza mwendo, pengine hupoa njiani, halafu hurudi baada ya kazi.

Haya, tufanye nini?

Kwanza, tupunguze mwendo. Wiki 2 hadi 6 huwatosha wengi. Si lazima kulala kitandani. Kazi za kukaa, kama kupukuchua mahindi, tunaweza kuzifanya. Tusikimbie, tusibebe mizigo mizito, tusishuke milima.

Pili, tuweke kitu cha baridi. Tukipata barafu, tuifunge katika kitambaa, tuiweke ugokoni kwa dakika 15. Tusiiweke juu ya ngozi tupu. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinafaa.

Tatu, tunyooshe kigimbi. Tusimame mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kigande chini. Tuhesabu hadi 30. Tufanye mara 3 kwa kila mguu. Maumivu yakipungua, tujizoeze kusimama kwa vidole na kushuka polepole, mara 10.

Nne, tutazame viatu. Kandambili zilizokwisha upande mmoja hazifai kwa safari ndefu. Kama tuna raba, tuzivae tunapokwenda mbali.

Tano, tule chakula cha kujenga mifupa. Maziwa yanafaa. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na miba yao, wanafaa pia. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo, akikosa hedhi, apelekwe kwa mganga wa zahanati. Mifupa yake inaweza kuwa imeanza kudhoofika.

Tukipona, tusirudi kwa pupa. Leo tutembee kidogo, kesho tupumzike, keshokutwa tuongeze kidogo.

Sasa tusikilize kwa makini. Kuna maumivu ambayo si ya kusubiri nyumbani. Twende zahanati au kituo cha afya kama:

- tukibonyeza kwa kidole, panauma sana mahali pamoja tu;
- mguu unauma hata usiku tukiwa tumelala;
- mguu umevimba, una joto, au kuna homa, hasa kwa mtoto;
- kigimbi kimoja kimevimba na kuuma bila kuumia;
- mguu umekaza sana, unauma mno au umekufa ganzi. Huyu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tujue pia kuwa ufa mdogo wa mfupa huweza usionekane kwenye picha ya eksirei siku za mwanzo. Tukiambiwa hakuna kitu, na maumivu yakaendelea, turudi tena.

Yapo mambo ya kuacha. Tusichanje ugoko kwa wembe. Tusiukande kwa nguvu. Tusimeze vidonge vya maumivu ili tuendelee na safari ile ile. Kidonge kinanyamazisha maumivu, hakizibi ufa. Tena tusiseme jirani ametutegea uchawi njiani. Tutamchukia bure, na mguu utaendelea kuharibika.

Wako wanaosema, "Mwanamume havumilii maumivu kidogo?" Wanamtaja John Stephen Akhwari. Ni kweli, mwaka 1968 kule Mexico alianguka katika marathoni, akaumia goti, lakini akamaliza mbio. Taifa linamheshimu. Lakini zile zilikuwa mbio za siku moja. Shamba ni la kila mwaka, na miguu ni hii hii miwili.

Basi, ndugu, mama akisema ugoko unamwuma, tusimwite mvivu. Tumsaidie mzigo. Mtoto akichechemea mazoezini, tusimfokee. Tumpumzishe na kumtazama. Siku chache za kupumzika sasa ni nafuu kuliko miezi ya kukaa na mguu uliovunjika wakati wa palizi.

Aliyesoma haya amsomee na mwenzake. Tunawatakia kazi njema na miguu yenye afya.