Upepo wa Kaskazi na Moshi Usioonekana

Tangu zamani watu wa pwani hii waliujua upepo wa kaskazi kwa vyombo vilivyokuja nao kutoka Arabuni na Bara Hindi. Leo twataka kuzungumza juu ya shehena nyingine ya upepo huo, isiyoonekana wala kunusika.

Moto uwakao vibaya, wa makaa, wa msitu au wa mtambo, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Katika hewa wazi ni haba mno: katika kila sehemu milioni elfu za hewa, yake ni kadiri ya mia tu. Basi huhesabiwaje?

Mwaka 1800 William Herschel alitambua kwamba jua lina miali isiyoonekana, ijulikanayo kwa joto lake. Mwaka 1859 John Tyndall, huko London, akapima jinsi gesi zinavyoimeza miali ya namna hiyo. Kila gesi yenye kuimeza miali hiyo humeza iliyo yake, ikaacha mingine ipite. Kwa hiyo tukipitisha miali katika bomba lenye hewa, na kupima iliyosalia upande wa pili, twajua gesi ile imo kwa kiasi gani.

Chombo cha kazi hiyo kiliwekwa juu ya Mlima Kenya, kimo cha mita 3,678, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1999 na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikisaidiwa na Waswisi. Mchana upepo hupanda mlima pamoja na hewa ya mashambani. Usiku hugeuka ukashuka, kama umande wa kwetu utokao bara kwenda baharini. Ndiyo maana wataalamu huvitegemea vipimo vya usiku ili kuijua hewa itokayo mbali. Wakati wa kaskazi hewa hiyo hutoka nusu ya kaskazini ya dunia, penye moshi mwingi wa mitambo.

Basi upepo haujui mpaka. Moshi wa wengine hutufikia, na wetu, tuchomapo mashamba na misitu, huwafikia wao. Ule wa mbali hatuwezi kuuzuia usiku huu. Lakini jiko la makaa lililomo chumbani twaweza kulitoa nje kabla ya kulala. Tusilisahau.