Bei za Hisa Zilizopita Zinasema Nini?

Wasikilizaji wetu wa Kasese na Bwera, saruji ya Hima mnaijua. Kiwanda kinachoitengeneza kilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya Bamburi, kampuni ambayo hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, hadi kilipouzwa mwaka 2024. Mwaka huohuo kampuni ya Amsons ya Tanzania ikajitolea kununua hisa za wanahisa wa Bamburi kwa shilingi 65 za Kenya kila moja, na bei ya hisa hizo sokoni ikapanda. Anayesoma bei hizo bila habari hizi atapotea. Basi bei ikiruka au ikiporomoka, tazama tarehe, kisha uliza: kampuni iliuza mali? Ililipa gawio? Iligawa hisa za nyongeza? Kabla hujanunua, mwombe dalali wa hisa mwenye leseni akuoneshe bei za miaka mitano, si za wiki moja.