Amana ya Cheo na Siri za Afisini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)





Twakushukuruni kwa kuitikia wito, na kwa kutupa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo barazani husemwa kwa kunong'ona, na likifika mkutanoni hugeuzwa mzaha. Jambo lenyewe ni hili: kiongozi wa umma anapokuwa na mahaba na mtu anayefanya kazi chini yake afisini, je, amekosa nyumbani kwake tu, au amekosa pia mbele ya umma uliompa cheo?

Tumelichagua jambo hili kwa kuwa limeletwa kwetu. Wako wanachama waliotutaka, si mara moja, tuchape katika gazeti letu khabari za mahaba ya wakubwa wa upande wa pili. Hatuidharau rai hiyo. Imetoka kwa watu walioonewa, na aliyeonewa hutafuta silaha ya kumfaa. Lakini yatupasa tujue silaha hiyo itamkata nani kabla hatujaichomoa alani.

Kwanza tuitazame sheria. Waingereza, ambao mahkama zao ziliacha athari kubwa katika mahkama za nchi hizi, walikuwa na kosa la kale lililotokana na hukumu za majaji wala si na kura za Bunge. Kosa hilo twaweza kuliita khiyana ya cheo. Mwaka 1783 lilimtia hatiani mhasibu wa serikali, Charles Bembridge, kwa kuficha hesabu alizozijua. Mwaka 2004 Mahkama ya Rufani ya huko ilizieleza nguzo zake: mtu awe mtumishi wa umma, naye yumo katika kazi ya umma, aache wajibu wake au atende ubaya kwa makusudi, ubaya huo uwe mkubwa kiasi cha kuvunja imani ya umma kwa mwenye cheo, na asiwe na udhuru wa maana. Adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Kosa lenye adhabu kama hiyo si la kutajwa ovyo.

Swali letu hili liliwahi kuulizwa huko huko. Mwaka 2006 John Prescott, Naibu Waziri Mkuu, alikiri kwamba alikuwa na uhusiano na karani wa afisi yake aliyetunza ratiba zake. Wako waliosema kwamba hiyo ni khiyana ya cheo, na malalamiko yakapelekwa polisi. Hakushtakiwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Waziri Mkuu Tony Blair alimwondolea wizara, akamwachia jina la cheo na mshahara wake. Sheria haikumgusa kabisa, na siasa ilimgusa nusu.

Miaka 15 baadaye ikaja khabari ya Matt Hancock, Waziri wa Afya. Juni 2021 gazeti moja lilichapa picha zilizopigwa na kamera ya ndani ya afisi yake, akimkumbatia mshauri wake, katika siku ambazo raia walikatazwa kukaribiana kwa ajili ya maradhi ya korona. Siku iliyofuata alijiuzulu. Huyo mshauri alikuwa rafiki wa waziri wa miaka mingi. Mwaka 2020 aliingizwa wizarani bila ya malipo, kisha mwaka huo huo akapewa ujumbe wa bodi ya wizara wenye malipo ya pauni 15,000 kwa mwaka. Hapa raia waliuliza maswali mawili. La kwanza: vipi mtu anatangaza amri asiyoifuata? La pili: nani alimteua, na kwa sifa gani? Maswali hayo yote yanahusu cheo, wala hakuna hata moja linalohusu kitanda.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1963 John Profumo, Waziri wa Vita, alianguka kwa ajili ya mahaba yake na msichana. Lakini lililomwangusha siku ile ya Juni ni kwamba mwezi wa Machi alisimama ndani ya Bunge na kusema uwongo juu ya mahaba hayo. Na Rais Bill Clinton wa Marekani, aliyekuwa na uhusiano na msichana aliyekuwa mwanagenzi katika Ikulu, alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi la nchi yake Disemba 1998. Mashtaka yalikuwa kusema uwongo chini ya kiapo na kuzuia haki isipite. Baraza la Seneti lilimwachia Februari 1999. Hata huko, mahaba yenyewe hayakuandikwa katika hati ya mashtaka.

Ndugu wanachama, tukizikusanya khabari hizi twaona njia moja. Mahaba peke yake ni dhambi kwa mwenye dini, ni aibu kwa mwenye haya, na ni jeraha kwa mke au mume aliyekhiniwa. Hayo yana waamuzi wake: kadhi, wazee, na dhamiri ya mtu. Yanakuwa khiyana ya cheo pale cheo kinapoingia ndani yake. Kwa hiyo twapendekeza tuulize maswali manne. Je, cheo kilitumika kumpata mtu huyo? Je, kazi, safari, nyumba au fedha ya umma ilitolewa kwa ajili yake? Je, aliyekuwa chini alikuwa na uhuru wa kukataa bila ya kuogopa? Na je, kiongozi alisema uwongo mbele ya wale anaopaswa kuwajibika kwao? Jawabu ikiwa mbaya kwa swali moja tu kati ya haya, umma una haki ya kudai hesabu.

Wako watakaotujibu kwamba anayemkhini mkewe ataikhini nchi. Maneno hayo yapendeza kusikia, lakini si ushahidi. Wangapi walilala majumbani mwao kila usiku kwa uaminifu, na asubuhi wakaamka kwenda kuiba hazina? Wengine watasema kwamba kiongozi ametumia saa za kazi na afisi ya watu. Ni kweli, na huo ni uzembe unaostahili adhabu ya kiutumishi. Lakini saa iliyopotea kwa mahaba haizidi urefu wa saa iliyopotea kwa kahawa na magazeti.

Swali la tatu ndilo zito, na hapa hatutaki kumfanyia wepesi mkubwa yeyote. Husemwa, "Walipendana wenyewe." Huenda ikawa hivyo. Lakini mtazameni karani kijana. Anayemwandikia ripoti yake ya mwaka ni yeye. Anayeweza kumpeleka kisiwa cha pili kesho asubuhi ni yeye. Anayetia saini ya ruhusa ya kwenda kusoma ni yeye. Ndiyo ya mtu aliye katika hali hiyo haiwezi kupimwa kwa mizani ya kawaida, na hata yeye mwenyewe huenda asijue ni moyo uliosema au ni khofu. Na wenzake wa afisini, waliokesha kwa kazi na kuachwa nyuma, nao wamedhulumiwa ijapokuwa hakuna aliyewagusa.

Ndiyo maana nchi nyengine zimeacha kungoja mahkama. Februari 2018 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliwakataza wajumbe wake mahusiano ya kimwili na watumishi walio chini yao. Mwezi huo huo, baada ya khabari ya Naibu Waziri Mkuu Barnaby Joyce na aliyekuwa mtumishi wa afisi yake, Waziri Mkuu wa Australia, Malcolm Turnbull, aliwakataza mawaziri wake jambo hilo hilo, hata kwa wasio na mke wala mume. Joyce alijiuzulu kabla mwezi haujesha. Hawakuyafanya mahaba kuwa jinai. Waliyafanya kuwa kosa la nidhamu, na mzigo wake wakautwika juu ya mabega ya mwenye cheo.

Kwetu sisi hapa iko njia ambayo Waingereza hawanayo. Mkubwa aweza kusema, "Sikuzini, nimeoa mke wa pili." Na iwe hivyo. Nikahi yahalalisha unyumba, lakini haihalalishi mkubwa kuwa mwamuzi wa mshahara na cheo cha mkewe. Ndoa iliyofungwa kwa siri ili afisi isijue huongeza kosa la kuficha juu ya upendeleo. Halali ya nyumbani na halali ya afisini ni mambo mawili, na asiyeyatenganisha atayaharibu yote mawili.

Wala sheria za kwetu hazikunyamaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 25, ililifanya kuwa jinai tendo la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu. Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 4 ya mwaka 2015, iliyoanzisha Tume ya Maadili. Lakini karani aliyedaiwa mwili wake hatathubutu kusema ikiwa anajua kwamba kesho jina lake litakuwa mdomoni mwa kila mtu sokoni.

Na hapa twafika kwenye silaha ile tuliyoombwa tuichomoe. Tukichapa kwamba bwana fulani ana mahaba na bibi fulani wa afisi fulani, nani atakatwa? Bwana atacheka, na wapambe wake watamwita shujaa. Bibi yule atatoka kazini, atafungiwa ndani na jamaa zake, na watoto wake watatukanwa skulini. Tutakuwa tumempiga mnyonge kwa fimbo tuliyosema ni ya mkubwa. Chama kilichoundwa kwa ajili ya wanyonge kisifanye kazi hiyo.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, gazeti hili lisichape khabari ya mahaba ya mtu yeyote ila pawepo ushahidi wa cheo, fedha au kazi ya umma kutumiwa vibaya, na hata hapo jina la aliye chini lisitajwe bila ya ridhaa yake.

La pili, chama kiandike katika kanuni zake, sasa na si baada ya ushindi, kwamba kiongozi wetu asiwe na mahusiano na mtu aliye chini ya amri yake. Akitaka kuoa au kuolewa naye, aeleze mapema, na maamuzi yote juu ya kazi ya mtu huyo yapewe mwengine. Adhabu ya kuvunja kanuni imwangukie mwenye cheo.

La tatu, ichaguliwe kamati, na ndani yake wawemo wanawake wasiopungua nusu, ambayo mtumishi yeyote aweza kuiendea bila ya kupitia kwa mkubwa wake.

Wako watakaoona kwamba kanuni hizi zatufunga mikono hali ya kuwa wapinzani wetu wako huru. Twawajibu kwamba sisi twaomba dhamana ya afisi zile zile, na makarani wale wale watakuwa chini yetu. Nyani haoni kundule, lakini mwanachama anayeomba kura hana ruhusa ya udhuru huo. Pendekezo tunaliweka mbele yenu, Mheshimiwa Mwenyekiti, na twaomba lipigiwe kura leo hii, kabla ya watu kutawanyika.

Wabillahi tawfiq.