Metali Mbili Zikigusana, Ipi Italika?

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka betri: moja huliwa, nyingine husalimika. Itakayoliwa hujulikana mapema kwa jedwali linalopanga metali kwa volti zake katika maji ya bahari. Zinki huwa karibu hasi 1.0, chuma hasi 0.6, shaba hasi 0.3. Yenye volti ya chini zaidi ndiyo huliwa, na pengo likiwa kubwa hatari huongezeka.

Ukubwa wa eneo nao huamua. Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza lilifunika tumbo la meli ya mbao, HMS Alarm, kwa mabamba ya shaba yaliyopigiliwa kwa misumari ya chuma. Shaba ilikuwa pana, misumari midogo. Baada ya takriban miaka miwili, misumari mingi ilikuwa imelika vibaya. Iliyosalimika ni ile iliyotengwa na shaba kwa karatasi ya kahawia iliyokuwa imefungia mabamba.

Kwa hiyo mafundi huchagua metali zinazokaribiana kwenye jedwali, au huzitenganisha kwa mpira au plastiki. Pakiwa pakavu kabisa, betri hiyo haifanyi kazi.