Mashine ya Kumkumbatia Temple

Leo tunazungumzia usonji, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Si laana, wala si malezi mabaya, ingawa akina mama wengi wamelaumiwa bure.

Temple Grandin, mwenye usonji, alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1947. Alichelewa sana kusema. Alitamani kukumbatiwa, lakini akiguswa alielemewa. Katika ujana wake, kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakitulia walipobanwa mbavuni kwa mashine ili wachanjwe. Akaomba naye abanwe. Akatulia! Baadaye akajiundia mashine yake mwenyewe. Wapo waliotaka anyang'anywe, ila mwalimu wake wa sayansi alimhimiza achunguze kwa nini inamsaidia. Mwalimu wa namna hii, jamani, ni hazina.

Grandin, anayesema hufikiri kwa picha, akawa profesa wa sayansi ya wanyama na mbunifu wa mazizi yanayowapunguzia ng'ombe hofu.

Mzazi mwenzangu, mwanao akiziba masikio kengele ikilia, usimchape. Mtazame ujue kinachomtuliza, kisha mruhusu akifanye, hata mbele ya wageni.