Uniti Iendayo na Uniti Irudiyo: Salio la Umeme wa Jua katika Bili ya Kenya



Mteja hutuuliza sisi mafundi wa umeme wa jua swali hili kabla hata hatujapanda ngazi: "Nikiwatumia stima, watanilipa ngapi?" Jibu ni kwamba msambazaji wa umeme hamlipi hata shilingi. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 kinamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba na msambazaji, na kanuni za mwaka 2024 zikaweka hesabu. Umeme anaousukuma kwenye waya humrudia kama uniti za kupunguza bili. Kanuni huziita krediti. Mimi nitaziita salio, kwa kuwa kila mwenye simu anajua salio ni nini, na anajua pia kwamba huisha muda.

Kwa kila uniti 1 iliyotoka, mteja huandikiwa nusu uniti. Hapo ndipo ahadi nyingi za wauzaji huvunjika.

Chukueni nyumba ya kubuni. Paneli zatoa uniti 450 kwa mwezi. Mchana wenye nyumba hutumia 180, na 270 zatoka nje kupitia mita ya njia mbili. Usiku wanavuta 200. Fundi aliyezoea vitabu vya ng'ambo atasema nyumba hii inabaki na akiba ya uniti 70. La. Zile 270 zinahesabiwa 135, kwa hiyo bili itakuja na uniti 65 za kulipia.

Sasa tusiongeze paneli hata moja. Tuhamishe tu pampu ya maji, pasi na mashine ya kufulia kutoka usiku hadi mchana, jumla uniti 80. Zinazotoka zinakuwa 190, salio 95, na za usiku 120. Bili inashuka hadi uniti 25. Kila uniti iliyohamishwa imeokoa nusu uniti, bila gharama yoyote isipokuwa kumshawishi mwenye nyumba apige pasi adhuhuri, kazi ambayo, nakiri, ni ngumu kuliko kufunga inveta.

Nusu hiyo si uonevu mtupu. Kilele cha matumizi nchini ni jioni, jua likiwa limeshazama, na nguzo, waya na transfoma anazozitegemea mteja usiku zina gharama zake. California walianza kwa ukarimu zaidi miaka ya 1990: uniti kwa bei ile ile ya rejareja. Paneli zikajaa mapaani, umeme wa mchana ukazidi, na kuanzia Aprili 15, 2023 wateja wapya wakapewa thamani iliyopungua kwa takriban asilimia 75. Wa zamani waliachiwa masharti yao kwa miaka 20. Tangu hapo anayefunga paneli kule huuliza kwanza bei ya betri, ili autumie umeme wake mwenyewe badala ya kuutoa kwa bei duni.

Mweleze mteja jambo jingine mapema, kabla hajakupigia simu kwa hasira. Stima ikipotea, inveta isiyo na betri huzima hata jua likiwa utosini, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme wa paa la jirani. Saa hizo hakuna salio linaloandikwa.

Ninalolalamikia mimi ni tarehe. Salio husogezwa mwezi hadi mwezi, lakini mwaka wa fedha ukifungwa, Juni 30, linalobaki linafutwa. Mteja wa Nairobi hukusanya salio Januari na Februari, jua likiwa kali, kisha Julai inaingia na mawingu na baridi yake, naye yuko sifuri. Laiti mwaka wa hesabu ungefungwa Septemba, salio la kiangazi lingemvusha kipupwe, na msambazaji asingetoa hata shilingi moja taslimu. Naomba warsha hii iliandike pendekezo hilo katika maazimio yake.